Nyama ya Nguruwe na Soko la Ng'ambo: Mambo Yanayoizuia Kuvuka Bahari

Mtu asimamaye katika soko la mifugo la Zombe, upande wa mashariki wa Kitui, huona mbuzi wengi kupita mnyama mwingine yeyote. Wapo pia ng'ombe, punda, na kuku waliofungwa miguu, lakini nguruwe ni haba. Hata hivyo wako watu katika nchi ya Ukamba wanaofuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, na baadhi yao huuliza swali la haki: ikiwa watu wa ulimwengu hula nyama ya nguruwe kwa wingi namna hii, kwa nini ya kwetu isipakiwe melini na kuuzwa huko kwa bei nzuri?

Swali hilo lastahili jibu kamili. Wasomaji wetu Waislamu watatuwia radhi tukisema habari za mnyama wasiyemla. Hata wao wataona kwamba mengi yaelezwayo hapa yahusu pia mbuzi na ng'ombe.

Kwanza yafaa tujue ni nani anunuaye na ni nani auzaye. Nchi ya China peke yake hula karibu nusu ya nyama yote ya nguruwe iliyopo duniani, na iliyo nyingi huifuga yenyewe. Wauzaji wakubwa ni nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Brazil na Kanada. Brazil iliuza ng'ambo zaidi ya tani milioni 1.3 katika mwaka wa 2024. Wauzaji hawa hushindana kwa bei, naam, lakini kabla ya bei kuna jambo jingine liamualo nani aruhusiwe kuingia sokoni. Jambo hilo ni cheti cha daktari wa mifugo. Mnunuzi aliye mbali hawezi kumwona nguruwe akiwa hai, wala hajui alikula nini. Hununua neno la serikali ya nchi ile kwamba mnyama hakuwa na ugonjwa. Neno hilo likivunjika mara moja, mlango hufungwa siku ile ile.

Wadenmaki walijifunza hayo zamani. Hapo kwanza walikuwa wakiwapeleka nguruwe hai Ujerumani. Mwaka wa 1887 Wajerumani walikataza nguruwe hai wa kutoka Denmark, wakitaja hofu ya ugonjwa. Wakulima wale wangeweza kukaa na kulalamika. Badala yake, mwaka ule ule, wakulima wa mji wa Horsens walianzisha kiwanda cha ushirika, wakawachinja nguruwe wao wenyewe, nyama wakaitia chumvi na kuifanya bekoni, wakaipeleka Uingereza. Kila mkulima aliahidi kuleta nguruwe wake katika kiwanda cha chama chake, na nyama ilikuwa ya namna moja wiki kwa wiki, hata Mwingereza akazoea kuiamini. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni sita tu, na nguruwe wake ni wengi kupita watu. Hata leo haifanyi mzaha: mwaka wa 2019 ilimaliza kujenga ua wa urefu wa kilometa 70 hivi katika mpaka wake na Ujerumani, kwa ajili ya kuwazuia nguruwe mwitu wasivuke na kuleta ugonjwa.

Sasa ni ugonjwa gani huo unaowafanya watu wazungushie nchi ua? Hapa ndipo habari inaporudi kwetu, kwa maana ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza katika Kenya. Karne ya 20 ilipoanza, walowezi walileta nguruwe wa Kizungu, na mara kwa mara nguruwe hao walikufa wote pamoja bila sababu kujulikana. Daktari wa wanyama aitwaye R. Eustace Montgomery aliuchunguza msiba huo, na mwaka wa 1921 aliandika kwamba haukuwa homa ile iliyojulikana Ulaya, bali ni nyingine kabisa. Tena aliona kwamba ngiri walikuwa na sehemu katika mambo hayo. Leo huitwa Homa ya Nguruwe ya Afrika.

Wazee wa nyika wanamfahamu ngiri vizuri. Huyu hukaa katika mashimo ardhini, na ndani ya mashimo hayo huishi papasi, wale wadudu wa jamii ya kupe wajifichao katika vumbi na nyufa, wakatoka kunyonya damu na kurudi upesi. Papasi hubeba virusi vya homa hii na kumwambukiza mtoto wa ngiri angali mdogo. Ajabu ni kwamba ngiri haugui. Yeye na ugonjwa huu wamezoeana tangu zamani za kale. Lakini papasi yule yule akimwuma nguruwe wa kufugwa, mambo huwa mengine kabisa. Nguruwe hupata homa kali, hukataa chakula, masikio na tumbo hugeuka rangi kuwa mekundu au ya zambarau, pengine damu humtoka puani, na baada ya siku chache hufa. Mara nyingi hafi peke yake. Kundi zima laweza kwisha. Dawa hakuna. Vietnam iliruhusu chanjo itumike mwaka wa 2023, lakini mfugaji wa Kenya asiingojee kana kwamba imekwisha fika mlangoni kwake.

Ugonjwa huu haumdhuru binadamu hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu moja inayoufanya uenee. Mtu aweza kula nyama ya nguruwe aliyekufa kwa homa hiyo asipatwe na lolote, na kwa hiyo huona hakuna ubaya kuiuza. Lakini virusi hukaa ndani ya nyama mbichi, na hata ndani ya nyama iliyotiwa chumvi, kwa miezi mingi. Ikiwa imegandishwa kwa barafu, hukaa miaka. Kipande kikitupwa katika makombo na makombo yakapewa nguruwe bila kuchemshwa, moto umewashwa.

Ndivyo ulivyovuka bahari. Mwaka wa 1957 nguruwe waliokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, katika Ureno, walilishwa makombo yaliyotoka katika ndege, wakaugua. Homa ilirudi huko mwaka wa 1960, na Wahispania na Wareno walihangaika nayo hata miaka ya 1990. Mwaka wa 2007 ilionekana Georgia, katika bandari ya Bahari Nyeusi, na huaminika kwamba ililetwa na takataka za meli iliyotoka upande wa kusini-mashariki mwa Afrika. Kutoka hapo ilipita Urusi, ikaingia Ulaya, na mwezi wa Agosti 2018 ikafika China. Nyama ya nguruwe iliyotoka katika mashamba ya China ilipungua kutoka tani milioni 54 hivi mwaka wa 2018 hadi tani milioni 42 hivi mwaka uliofuata. Bei ilipanda, na nchi zilizokuwa safi zikauza kama ambavyo hazijapata kuuza.

Tazama tena jinsi mlango unavyofungwa. Mwezi wa Septemba 2020, mzoga wa nguruwe mwitu mmoja ulikutwa katika jimbo la Brandenburg, Ujerumani, karibu na mpaka wa Poland. Ulipimwa, ukakutwa na homa hiyo. Hapakuwa na nguruwe wa kufugwa hata mmoja aliyeugua. Lakini China, Japani na Korea ya Kusini zilikataa nyama ya Ujerumani katika siku chache tu, na mali iliyokusudiwa kwenda Asia ikabaki kuuzwa kwa bei ya chini Ulaya. Ujerumani ni nchi tajiri yenye madaktari wengi wa wanyama, na mzoga mmoja uliitia hasara namna hiyo.

Basi turudi Kenya. Biashara ya nguruwe si ngeni hapa. Kiwanda cha bekoni cha Uplands, karibu na Limuru, kilifanya kazi kwa miaka mingi tangu wakati wa ukoloni hata kikafungwa katika miaka ya 1980. Tangu mwaka wa 1980 iko kampuni ya Farmer's Choice, ambayo hununua nguruwe wa wafugaji walioandikishwa. Lakini hesabu ya mwaka wa 2019 ilipata nguruwe wasiozidi nusu milioni katika nchi nzima, hali mbuzi walikuwa wapatao milioni 28. Jirani zetu wa Uganda wana nguruwe wengi zaidi mara nyingi. Hesabu yao ya mwaka wa 2008 ilipata milioni 3.2. Nao pia homa hii huwapiga mara kwa mara, na nyama yao karibu yote huliwa kwao.

Kuna na jambo la chakula. Nguruwe ni mnyama mwema kwa hesabu: jike hubeba mimba siku 114 tu, huzaa watoto wanane hata kumi na zaidi, na mtoto aliyetunzwa vema huwa tayari kwa kuchinjwa akiwa na miezi sita hivi. Lakini hali majani ya mgunga kama mbuzi. Ili aongeze kilo moja ya uzito anahitaji kilo tatu hivi za chakula kizuri, na chakula ndicho kilicho sehemu kubwa ya gharama yote. Mbrazili hulima mahindi na soya kwa wingi katika nchi yake mwenyewe. Mtu wa Zombe, mvua zikikosa, hununua mahindi ya watoto wake dukani. Hatuoni namna ya kumshauri mtu huyo akope fedha ili awalishe nguruwe mahindi kwa matumaini ya kushindana na Brazil. Afuge wachache, awalishe pumba, viazi na mabaki aliyonayo, auze Kitui au Nairobi. Nyama ya Zombe iliyo na njia fupi zaidi ya kwenda ng'ambo ni ya mbuzi, kwa kuwa nchi za Ghuba huinunua kutoka Kenya, ikipelekwa kwa ndege ikiwa imepoa.

Tunafahamu kwamba neno "soko la ng'ambo" halipokewi na Wakamba wote kwa furaha. Mwaka wa 1938 serikali ya ukoloni iliwachukua ng'ombe wa watu wa Machakos kwa nguvu, kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, wakati ule ule kiwanda cha kampuni ya Liebig kilipokuwa kikitafuta ng'ombe wa bei rahisi hapo Athi River. Maelfu ya watu walikwenda Nairobi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu. Watu walirudishiwa wanyama wao waliobaki, na amri ile haikuendelea. Mzee aliyesimuliwa hayo na baba yake ana haki ya kuuliza maswali mengi kabla ya kuandikisha mnyama wake mahali popote.

Je, nchi yenye ngiri yaweza kuuza nyama ya nguruwe ng'ambo? Yaweza. Afrika ya Kusini ilitenga eneo la kaskazini, ambako ngiri wapo, tangu mwaka wa 1935, na nguruwe wa eneo hilo hawaruhusiwi kutoka ovyo. Tena huko yako mashamba yaliyofungwa kwa ua, ambamo kila nguruwe, kila gari na kila mtu aingiaye huandikwa, na mkaguzi huja kwa vipindi. Sheria za ulimwengu huruhusu shamba la namna hiyo lipewe cheti hata kama ugonjwa upo mahali pengine katika nchi. Kazi hiyo yataka fedha na daftari lisilo na uongo. Kwa wakulima wadogo haiwezekani ila kwa chama, kama walivyofanya watu wa Horsens.

Lakini jambo gumu kuliko ua ni kutoa habari. Nguruwe wa jirani wakianza kufa, wengi huwauza wao upesi kwa bei yoyote kabla hawajafa. Mchuuzi huwachukua kwa pikipiki, na homa husafiri pamoja naye. Tusiwalaumu tu. Katika nchi za Ulaya mfugaji ambaye nguruwe wake huuawa kwa amri ya serikali hulipwa, na kwa hiyo hupiga simu mapema. Mahali malipo yasipokuwapo, au yanapochelewa sana, mtu maskini anaombwa aharibu mali yake mwenyewe kwa faida ya watu asiowajua. Kwa maoni yetu, serikali itakayo soko la nje haina budi kulitengeneza hilo kwanza, kabla ya kujenga kichinjio chochote.

Kwa wakati huu mfugaji wa Zombe aweza kufanya haya. Nguruwe wasiachwe kuzurura porini, maana huko ndiko waliko ngiri na mashimo yao. Nyufa za banda la udongo zizibwe ili papasi wasipate maficho. Makombo ya hotelini na jikoni yachemshwe hata yatokote kwa muda wa nusu saa au zaidi. Nguruwe mgeni atengwe majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Mnunuzi azunguliaye mabanda ya watu asiingie ndani, angojee langoni. Nguruwe akifa ghafula, wengine wasiuzwe wala nyama isigawanywe. Mzoga uzikwe chini sana au uchomwe, mbali na mbwa, na afisa wa mifugo aarifiwe siku ile ile ili achukue damu ikapimwe.