Mikono Mitatu, Wimbo Mmoja

Kitabu changu cha Tenzi za Rohoni kilikuja nami Kanada katikati ya kanga mbili na paketi ya majani ya chai. Mgongo wake umeshikiliwa na selotepu. Kila wimbo una namba, ila hakuna jina la mtunzi hata moja. Nyumbani hatukuona upungufu wowote hapo. Mwongozaji alitaja namba, na kabla hatujaufikia ukurasa, mama mmoja wa benchi la mbele alikwisha kuanzisha. Mimi nilidhani nyimbo zile zilikuwepo tu tangu zamani, kama minazi.

Mpaka Jumamosi moja tulipokuwa tunapita Port Hope, mji mdogo kando ya Ziwa Ontario, kama kilomita 100 mashariki mwa Toronto. Mwenzangu garini akasema, "Dada, unajua aliyetunga 'Yesu Kwetu ni Rafiki' aliishi huku huku?" Nikacheka. Nilikuwa na hakika ule ni wimbo wa kwetu.

Aliyeutunga ni Joseph Scriven, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1819. Husimuliwa kwamba mchumba wake alizama majini harusi ikiwa kesho, naye akaihama Ireland. Huku Kanada akachumbia tena, binti aitwaye Eliza Roche, naye akaugua na kufariki mwaka 1860 kabla ya ndoa. Scriven alikufa hajaoa. Wenyeji walimkumbuka kwa msumeno wake, kwa kuwa aliwakatia kuni wajane na wagonjwa wasio na cha kumlipa.

Wengi husimulia kwamba misiba hiyo miwili ndiyo iliyouzaa wimbo. Tarehe zinakataa. Maneno yake aliyaandika mwaka 1855, Eliza angali hai, akamtumia mama yake aliyekuwa na majonzi kule Ireland. Sisi tulio ughaibuni tunaijua barua ya namna hiyo: mama ana shida nyumbani, mtoto yuko ng'ambo ya bahari, hana la kufanya ila kutuma maneno. Leo tungemtumia ujumbe wa sauti.

Lakini shairi la Scriven halikuwa na sauti ya kuimbia. Sauti ilikuja mwaka 1868, miaka 13 baadaye, kutoka kwa Charles Converse, mwanasheria wa Marekani aliyesomea muziki Leipzig, Ujerumani. Converse huyu alikerwa pia na Kiingereza kukosa neno moja la kumtaja mtu bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Akabuni neno lake, "thon", na mwaka 1884 akalitangaza. Halikushika. Angemuuliza Mswahili yeyote, angeambiwa sisi tunalo siku zote: yeye.

Mwaka 1875 Ira Sankey, mwimbaji aliyezunguka na mhubiri Dwight Moody, aliutia wimbo huo katika kitabu chake cha nyimbo, ukasambaa. Kwa muda mrefu watu waliamini maneno yake ni ya Horatius Bonar, mchungaji wa Scotland. Kumbe majina yalianza kupotea kabla nyimbo hazijafika kwetu.

Kwa Fanny Crosby mambo yalikwenda kinyume. Huyu alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York, akapoteza macho akiwa mtoto mchanga, na hadi anafariki mwaka 1915 alikuwa ametunga nyimbo zaidi ya 8,000. Alilipwa dola moja au mbili kwa wimbo. Wachapishaji waliogopa vitabu vyao kujaa jina moja, hivyo nyimbo zake nyingi zilitoka kwa majina ya bandia. "Usinipite Mwokozi" ni wake, na "Ndiyo Dhamana" pia. Huu wa pili ulianza kwa muziki. Mwaka 1873 rafiki yake Phoebe Knapp alimpigia sauti aliyoitunga mwenyewe, akamuuliza inasema nini. Crosby akasikiliza, kisha akampa maneno. Mume wa Phoebe alikuwa mkuu wa kampuni ya bima, na neno la Kiingereza lililomjia Crosby, "assurance", hutumika hata kwenye bima. Kwa Kiswahili limekuwa dhamana, neno ambalo wengi wetu tulilisikia kwanza mahakamani au polisi.

Hapo ndipo unapoonekana mkono wa tatu, wa mfasiri. Chukua "Nionapo Amani Kama Shwari". Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, alipoteza mabinti wanne meli ya Ville du Havre ilipozama Atlantiki mwezi Novemba 1873. Mkewe aliokoka. Philip Bliss aliyatilia maneno ya Spafford muziki mwaka 1876, akaiita sauti hiyo kwa jina la meli ileile, na kabla mwaka haujaisha akafa katika ajali ya treni huko Ashtabula, Ohio. Katika Kiingereza, Spafford alifananisha amani na mto. Mfasiri wetu aliuacha mto, akachukua shwari, neno la mabaharia la bahari iliyotulia. Kwa wimbo uliotokana na meli kuzama, sijui kama lipo neno lingefaa zaidi.

Tena mfasiri hakuwa huru. Sauti ilikwisha kutungwa, kwa hiyo ilimbidi ahesabu mizani kama malenga. Wimbo wa Scriven unakwenda kwa mizani 8, kisha 7. Hesabu kwa vidole: Ye-su-kwe-tu-ni-ra-fi-ki. Nane kamili, sawa na kipande cha utenzi. Kwenye mstari wa mizani 7 ndipo pana kazi. Muziki wa Converse unatia mkazo kwenye noti ya mwisho, na Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana tukiimba tunavuta silabi ambayo tukizungumza tungeipitia haraka. Nimeimba hivyo tangu shule ya Jumapili, na sikuwahi kulisikia hilo hadi nilipohesabu.

Siku hizi nina penseli ndani ya kitabu. Pembeni mwa kila wimbo ninaoujua naandika mwenye maneno, na chini yake mwenye sauti. Mstari wa tatu nauchora mtupu. Jumapili iliyopita mwanangu aliuona, akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa yule aliyeandika shwari.