Damu Yangu Mwenyewe na Kifundo cha Mguu

Wengi wenu mlikuwapo uwanjani siku ile nilipoanguka tukicheza na Kidato cha Sita, na mmekuwa mkiniuliza kwa nini hata leo nachechemea. Naona vema niwajibu nyote kwa pamoja, kwani katika kujiuguza nimejifunza mambo yasiyokuwamo katika daftari langu la baolojia.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mifupa i salama. Lakini miezi minne ikapita, na kifundo kikawa bado chavimba kila nikipanda mlima. Daktari akaniambia kwamba eksirei haionyeshi gegedu, na huenda ndilo lililoumia. Gegedu ni ile ngozi nyeupe, yenye kuteleza, iliyofunika ncha za mifupa. Bila shaka mmeiona katika goti la mbuzi. Katika kifundo cha mguu unene wake haufiki hata milimita mbili, na juu yake ndipo mwili mzima unaposimama.

Ajabu yake ni kwamba halina mshipa wa damu hata mmoja. Hujilisha kama sifongo: ukikanyaga, majimaji ya kiungo hukamuliwa nje, ukiinua mguu, hufyonzwa tena. Ndiyo maana kidonda cha ngozi hupona kwa siku chache, nalo gegedu hubaki na jeraha lake. Daktari William Hunter aliwaeleza wataalamu wa London jambo hili tangu mwaka 1743.

Sasa, mjomba wangu aliyeko Dar es Salaam akampigia baba simu, akamwambia kwamba wachezaji wa Ulaya hudungwa damu yao wenyewe wakapona. Baba akaanza kuhesabu magunia yake ya mpunga.

Habari ile si uzushi. Damu hutolewa mkononi, ikatiwa katika chupa ndogo, nayo chupa ikazungushwa na mashine kwa kasi kubwa. Chembe nyekundu, kwa kuwa ni nzito, hushuka chini. Juu hubaki maji ya manjano yenye chembe sahani nyingi. Hizo ndizo zigandishazo damu mtu akijikata. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya kawaida huwamo kati ya 150,000 na 450,000. Zikiamka humwaga kemikali zinazohimiza seli zijenge upya. Fikira yenyewe ni nyepesi: ikiwa damu haifiki kwenye gegedu, basi na ipelekwe kwa sindano.

Lakini je, yafaa? Madaktari wa Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 100 wenye vifundo vilivyolika. Karibu nusu walidungwa yale maji ya damu, waliobaki wakadungwa maji ya chumvi, mara mbili, bila mgonjwa kujua amepewa lipi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: baada ya wiki 26 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, wala maji ya damu hayakushinda. Maji ya chumvi! Nilipomsomea baba alicheka, kisha akanyamaza kitambo.

Kweli, wale walikuwa na maradhi ya kulika kwa kiungo, si kijana aliyeumia mpirani. Kwa jeraha dogo la gegedu iko njia iliyozoeleka zaidi, nayo pia hutumia damu. Mpasuaji hupenyeza kamera nyembamba, huondoa gegedu lililokufa, akatoboa vitundu katika mfupa ili damu na uboho vichuruzike na kujaza pengo. Kinachoota si gegedu la asili, ni kama kovu. Hata hivyo wengi hupata nafuu.

Daktari hataki tukimbilie huko. Ameniagiza mazoezi ya wiki 12, hasa kusimama kwa mguu mmoja. Yasipofaa, nitapanda treni kwa njia ya Kaliua na Tabora nikapigwe picha ya sumaku inayoonyesha gegedu. Baba ameuza magunia mawili tu kwa ajili ya nauli. Mengine yamo ghalani. Nanyi mkiniona alfajiri nyuma ya bwalo nimesimama kama korongo, tafadhali msinisukume.