Nisikuchoshe, na maneno mengine ya kukatiza kisa

Dereva wa lori aliyekwama usiku kucha kwenye mteremko wa kushukia Mai Mahiu, nchini Kenya, ana mengi ya kusimulia: breki zilivyoshika moto, foleni ilivyosimama, utingo alivyohangaika gizani akitafuta mawe ya kukingia magurudumu. Lakini akishaketi mbele ya sahani ya ugali, yote hayo huyaruka kwa maneno matatu ya Kiingereza: “Long story short, tumefika.” Mezani pale pana Mkikuyu, Mmaasai, Msomali na Mganda anayeelekea mpakani Malaba, na hakuna anayeuliza maana.

Wengi wakiutafsiri msemo huo husema “kwa ufupi”. Tafsiri hiyo inatosha nusu tu. “Kwa ufupi” hukusanya: umeeleza kwa nini bei ya viazi imepanda, umetaja mvua, mafuta na barabara, kisha unayafunga yote katika sentensi moja. Dereva wetu hakukusanya chochote. Ameruka kutoka kwenye breki hadi kwenye ugali, na saa zilizo katikati msikilizaji hatazijua kamwe.

Kwa kuruka namna hiyo, Kiswahili kina “nisikuchoshe”. Kina pia “alimradi”, ambalo hutua vizuri baada ya msururu wa mambo: tulisukuma, tukapiga simu, tukaomba msaada, alimradi hatukulala. Mimi napenda zaidi “nisikuchoshe”. Msemo wa Kiingereza unaitaja hadithi na urefu wake, wetu unamtaja anayesikiliza, tena unampa nafasi ya kujibu, “Hunichoshi, hebu endelea.” Nimesikia visa vizuri vikifufuka kwa jibu hilo. Anayetumia Kiingereza hafanyi kosa, maana mazungumzo ya barabarani yana lugha yake, ila kwenye barua ya kazi au kumbukumbu za chama msemo huo haukai. Hapo andika “kwa muhtasari”.

Suala zito zaidi ni kujua wakati ambapo kuruka hakufai kabisa, na Mai Mahiu ina mfano wenye uchungu. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yalishuka kutoka upande wa Old Kijabe, yakasomba nyumba katika kijiji cha Kamuchiri na kuua makumi ya watu. Habari iliyoenea kwanza ilikuwa fupi: bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya kalavati, njia yake ya kupitia chini ya tuta, kuzibwa, mpaka yakalibomoa.

Hizo ni habari mbili tofauti kwa mtu anayelala bondeni. Aliyeambiwa “bwawa” atakagua kama kuna bwawa juu yake, asipoliona atalala. Aliyeelezwa habari ya tuta atapanda kutazama kalavati, aone kama magogo, mawe na tope vimeanza kuliziba, na akiona hivyo atampigia chifu mvua ikiwa bado inanyesha. Sehemu iliyorukwa ndiyo iliyokuwa na kazi.

Kwa hiyo safari ya lori isimulie utakavyo, wenzako watakuuliza wakitaka zaidi. Lakini ukiitwa kueleza ajali, mafuriko au moto, iwe mbele ya chifu, polisi au mwandishi wa habari, anza mwanzo: taja kilichoziba, kilichobomoka, saa ngapi, na nani alikiona kwanza.