Moyo Uliochoka: Mafundisho kwa Mgonjwa na kwa Wanaomtunza

Ndugu msomaji, maneno haya ni kwa ajili yako wewe uliyeambiwa na munganga kwamba moyo wako umechoka. Tena ni kwa ajili ya bibi yako, mume wako, watoto wako na jirani zako wa kanisa, maana ugonjwa huu hauchukuliwi na mtu mmoja peke yake. Yasome polepole. Kama macho yako hayaoni vizuri, mwambie mtoto anayesoma shule akusomee.

Kazi ya moyo

Moyo ni kipande cha nyama chenye nguvu, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Hufanya kazi kama pampu. Kila dakika hupiga karibu mara 70, na kwa siku moja hupita mara 100,000. Kila dakika husukuma karibu lita 5 za damu. Ukihesabu kwa siku nzima utapata lita 7,200, maana yake mapipa makubwa 36 ya lita 200. Moyo haupumziki siku ya Mungu wala usiku.

Basi moyo ukipungua nguvu, damu haiendi mbele vizuri. Hurudi nyuma na kusongamana, na maji yaliyomo ndani yake hutoka nje ya mishipa. Maji yakiingia katika mapafu, mgonjwa hukosa pumzi, hasa anapolala chali. Yakishuka, miguu huvimba. Yakikaa katika tumbo, tumbo hujaa na ini huuma. Bonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya mfupa wa mbele. Shimo likibaki, hayo ni maji.

Ugonjwa wa kuvimba kwa maji watu waliujua tangu zamani. Luka, aliyekuwa mganga, anatuambia katika sura ya 14 ya Injili yake habari za mtu mwenye safura aliyesimama mbele ya Bwana Yesu siku ya sabato, naye akaponywa. Katika Injili nne, ni Luka peke yake aliyeandika habari hiyo.

Je, umerogwa?

Wengi wakiona tumbo limevimba husema, "Huyu amelishwa sumu," au, "Shangazi yake amemroga." Kisha jamaa wanagawanyika, mama mzee anafukuzwa nyumbani, na mgonjwa anazungushwa huku na huku mpaka nguvu zimekwisha. Ndugu, usifanye hivyo. Sababu za moyo kuchoka zinajulikana.

Ya kwanza ni damu kusukuma kwa nguvu nyingi mno katika mishipa kwa miaka mingi. Mtu hasikii maumivu, lakini moyo unachoka kama mtu anayepanda mlima na mzigo kila siku.

Ya pili huanza utotoni. Mtoto anaumwa koo na homa, koo linapona, halafu baada ya majuma machache viungo vinauma na kuvimba. Ugonjwa huo huweza kuharibu milango midogo iliyo ndani ya moyo. Miaka hupita, kisha kijana anaanza kukosa pumzi anapokwenda shambani.

Ya tatu huwapata akina mama katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kuzaa. Mama aliyejifungua akivimba miguu na kushindwa kulala chali, usiseme ni uchovu wa uzazi tu. Mpeleke apimwe.

Hakuna mwenye hatia hapa. Usimtafute adui. Tafuta msaada.

Kumtunza nyumbani

1. *Kulala.* Usimlaze chali mgonjwa anayekosa pumzi. Geuza kiti, miguu yake iwe juu, ukiweke kichwani mwa kitanda chini ya godoro. Mgongo wa kiti utakuwa kama mlima mdogo wa kumwegemeza. Kama hakuna kiti, tumia magunia yaliyojazwa majani makavu. Akishindwa kabisa kugeuka mwenyewe, mgeuze kila saa 2, utazame ngozi ya matako na visigino isije ikatoka vidonda. Akipata nafuu, asikae kitandani siku zote. Atembee kidogo kidogo, mpaka mlangoni, kesho mpaka barabarani. Akianza kuhema, apumzike.

2. *Chakula.* Ampe kidogo mara nyingi kuliko sahani kubwa mara moja, sababu tumbo lililoshiba husukuma mapafu. Bugali, ndizi, viazi, maharagi, sombe, samaki wabichi, vyote ni vyema.

3. *Chumvi.* Hili ni jambo kubwa. Chumvi hushika maji mwilini. Mtu akimeza dawa asubuhi ya kutoa maji, na jioni akala makayabo, amefanya kama mtu anayetoa maji katika mtumbwi huku mwenziwe anatoboa shimo. Pika chakula cha nyumba yote bila chumvi, kisha kila mtu atie yake kidogo, lakini mgonjwa asitie. Tumia kitunguu, nyanya, limau na pilipili kwa kuleta ladha. Aache samaki wa chumvi, vipande vya Maggi, na maharagi yaliyopikwa kwa magadi. Na ile chumvi ya majivu ya mimea isiwe badala yake. Ina potasi nyingi, na potasi ikizidi kwa mtu anayemeza dawa za moyo, huweza kusimamisha moyo.

4. *Kupima.* Kama kuna mizani karibu, apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na uandike katika daftari. Akiongezeka kilo 2 katika siku 3, si mafuta hayo, ni maji. Nenda kituo cha afya siku hiyo. Kama hakuna mizani, chukua kamba, zungusha tumbo lake kwenye kitovu kila asubuhi, ufunge fundo. Fundo likisogea mbele, umeonywa.

5. *Pombe na tumbako.* Aache vyote viwili. Pombe yenyewe hulegeza nyama ya moyo.

Dawa na kazi zake

Usiseme tu, "Ninameza vidonge." Jua jina la kila kimoja na kazi yake.

*Furosemidi* ni dawa ya mkojo. Ukiimeza, katika saa moja hivi utaanza kukojoa, na kazi yake huendelea karibu saa 6. Kwa hiyo imezwe asubuhi, ili usiku mgonjwa alale. Wengine siku ya Mungu hawaimezi kabisa, kwa kuogopa kutoka kanisani mara kwa mara. Afadhali uimeze ukirudi kutoka ibada kuliko kuiacha. Au keti karibu na mlango, hakuna atakayekucheka.

*Enalaprili* na ndugu zake, kama kaptoprili na lisinoprili, hulegeza mishipa ili moyo usisukume kwa shida. Katika mwaka 1987 waganga wa Sweden, Norway na Finland walichapa habari za wagonjwa 253 wenye moyo uliochoka sana. Wote walipewa dawa zao za kawaida. Kisha nusu yao waliongezewa enalaprili, na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 6, katika kila 100 wasiopata enalaprili walikuwa wamekufa 44, na katika kila 100 walioipata, 26. Ona tofauti hiyo. Dawa hii huweza kuleta kikohozi kikavu, umwambie munganga. Midomo au ulimi ukivimba, usiimeze tena, kimbia hospitali. Mama mwenye mimba asiimeze, maana huharibu mtoto tumboni.

*Spironolaktoni* husaidia kutoa maji lakini hubakiza potasi. Mwaka 1999 ilionekana wazi kwamba nayo hupunguza vifo. Mwanamume akiona maziwa yake yanauma au kuvimba, asione haya kumwambia munganga, kuna namna ya kumsaidia.

*Bisoprololi* na *karvediloli* hupunguza mbio za moyo. Huanza kwa kipimo kidogo sana, kisha huongezwa polepole. Usiziache kwa ghafula. Kama una pumu, mwambie munganga kabla.

*Digoksini* ni dawa ya zamani, na habari yake inafundisha. Katika mwaka 1775 mganga mmoja wa Uingereza, William Withering, aliulizwa juu ya dawa ya majani ambayo mama mzee alikuwa akiwapa watu waliovimba. Akachunguza, akaona kwamba nguvu ilikuwa katika jani moja tu kati ya mengi. Akajifunza miaka 10 kipimo kipi husaidia na kipimo kipi huua, akaandika kitabu mwaka 1785. Digoksini yetu ya leo hutoka katika jamaa ya mmea huo. Basi hatudharau majani. Lakini jani lisilopimwa ni kisu katika giza. Usichanganye dawa za hospitali na dawa za majani usizojua kipimo chake.

Kabla ya kumpa digoksini, shika mshipa wa mkono wake, hesabu mapigo kwa dakika nzima ukitazama saa. Yakiwa chini ya 60, usimpe, nenda ukaulize. Vivyo hivyo kama amekosa hamu ya kula, anatapika, au anaona vitu vyote rangi ya manjano. Akisahau kumeza jana, asimeze viwili leo.

*Sindano ya penisilini* ni kwa wale ambao milango ya moyo iliharibika tangu utotoni. Hupigwa kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi na kuharibu zaidi. Sindano inauma, ndiyo. Lakini usipite siku yake.

Neno moja tena: usinunue sokoni vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, wala usikubali kupigwa sindano yake. Hushika maji mwilini na kuumiza figo. Kwa maumivu ya kichwa, parasetamoli hutosha. Na siku ya kuhara au kutapika sana, nenda kituo cha afya uulize kama dawa zipunguzwe.

Kosa linaloua watu

Fikiri habari ya baba mmoja. Anabebwa kwa tipoyi mpaka hospitali, hawezi kusema maneno mawili bila kuhema. Baada ya siku 10 uvimbe umekwisha, analala vizuri, anacheka na watoto. Anarudi nyumbani na vidonge vya mwezi mmoja. Vinapokwisha anasema, "Mimi ni mzima sasa, Mungu ameniponya, fedha hii itanunua jembe." Miezi miwili inapita, na anabebwa tena, lakini safari hii moyo umelegea kuliko kwanza, na dawa ile ile haina nguvu kama mwanzo.

Hatusemi kwamba Mungu haponyi. Tunasema kwamba kupata nafuu si kupona. Malaria huisha kwa dawa ya siku chache. Moyo uliochoka hauko hivyo. Dawa zake ni kama nguzo ya nyumba: nyumba imesimama sababu nguzo ipo. Ukiiondoa kwa kuwa nyumba imesimama, utaona mwenyewe. Basi tuombe, na tena tumeze dawa. Anayeacha dawa ili aonyeshe imani yake hamheshimu Mungu aliyewapa wanadamu akili ya kuzitafuta.

Na wewe mama ambaye moyo wako ulichoka baada ya kuzaa: usibebe mimba nyingine kabla ya kuongea na munganga, wewe pamoja na mume wako. Mimba ya pili huweza kuurudisha ugonjwa na kukuua. Baba, usimlaumu. Watoto mlio nao wanamhitaji mama yao akiwa hai.

Kazi ya kanisa

Wazee na mashemasi, mtu huyu atahitaji dawa mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Sadaka kubwa mara moja haimfai kama sadaka ndogo ya kila mwezi. Mulizeni mapema, kabla vidonge havijakwisha. Kama kituo ni mbali, mwenye pikipiki au kinga amchukulie dawa pamoja na daftari lake. Akina mama mnaopeleka chakula, pikeni bila chumvi. Mnaokwenda kumwona, msijae chumbani watu 20 na kuimba mpaka usiku. Ombeni kwa kifupi, fungueni dirisha, mwacheni alale.

Usingoje kesho

Mpeleke hospitali mara moja ukiona haya:

– anakosa pumzi hata akiwa ameketi, au anaamka usiku akitafuta hewa;
– anatoa makohozi yenye povu au damu;
– anazimia, au moyo unakwenda mbio bila taratibu;
– kifua kinauma kama kinabanwa;
– mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au mdomo umepinda;
– hakojoi tangu jana.

Mchukue akiwa ameketi, si amelala. Chukua na vidonge vyake vyote na daftari lake, ili munganga ajue aanzie wapi.

Sasa fanya jambo moja leo. Hesabu vidonge vilivyobaki katika pakiti. Kama ni vya siku zisizopita 7, mtume mtu leo akalete vingine.