Nauli ya Mvuke

Mwaka 2024 gridi ya taifa ya Uganda ilifika Arua, na West Nile ikaacha kutegemea bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5 na jenereta za dizeli. Umeme ukizidi, matamanio nayo huongezeka. Msomaji wa Lobule, wilayani Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, anajenga nyumba, na mgongo unamsumbua. Anataka hodhi la maji moto uani, la kutosha watu wanne, na anauliza anunue hita ya kilowati ngapi.

Ningemwomba kwanza aulize joto litatorokea wapi. Zege la kubeba tani moja na ushee, mabomba, pampu na chujio sitavigusa. Mafundi wa Arua na Koboko wanavijua.

Tuchukue hodhi la lita 1,000. Kuyatoa maji kwenye digrii 24 hadi 40 kunakula yuniti 19 hivi za umeme. Si kidogo, lakini hulipwa mara moja tu kila maji yanapobadilishwa. Kinachofilisi ni kuyashikilia pale kwenye 40. Wengi huzilaumu kuta, wakazizungushia sponji. Kuta zina makosa yao, ila njia kuu ya joto ni juu, kwenye uso wa maji ulio wazi, na yanayotokea hapo ni katika mambo matamu kuliko yote ninayoyajua katika fizikia.

Fikiria stendi ya mabasi alfajiri. Abiria wamejaa, kila mmoja na fedha yake mfukoni, huyu nyingi, yule haba. Nauli ni kubwa, kwa hiyo wanaopanda ni wenye fedha nyingi peke yao. Basi likishaondoka, piga hesabu ya mifuko ya waliobaki: wastani umeshuka, ingawa hakuna aliyeibiwa hata shilingi. Molekuli za maji ziko hivyo. Zimeshikana kwa nguvu, na fedha ya kujinasulia ni mwendo. Zenye mbio kubwa zilizo juu hujinasua na kuwa mvuke. Zilizobaki zina nishati ndogo ya mwendo kwa wastani, na wastani huo ndio tunaousoma kwenye kipimajoto. Maji yamepoa kwa kuondokewa na matajiri wake. Wala stendi haiishiwi wasafiri: waliobaki hugongana, hupokezana fedha, na baada ya kitambo kidogo wengine wamefikisha nauli. Basi la pili linajaa, na la tatu.

Vitabu hupenda kuliita joto hili joto fiche. Jina hilo halinikai vizuri, maana hakuna kilichojificha, kuna kilicholipwa. Mimi nitaliita joto la nauli.

Na nauli yenyewe ni kubwa ajabu. Lita moja ya maji ya digrii 40 ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli 2,400 hivi, karibu mara sita ya zile zinazotosha kuitoa lita hiyohiyo kwenye kiwango cha kuganda hadi kuchemka. Lita hiyo moja ikiondoka, hodhi zima la lita 1,000 linapoa zaidi ya nusu digrii. Sasa leta kiangazi cha Koboko, Desemba hadi Februari, hewa kavu na upepo mwepesi, na uso wa maji wa mita 3 za mraba. Lita tatu kwa saa zitaondoka bila shida, nazo ni yuniti mbili kila saa. Katika saa kumi za usiku, hita ikilazimishwa kushikilia digrii 40, umelipa yuniti 20: umepasha hodhi la pili usilolioga. Ni fizikia ileile inayotupatia maji baridi mtungini, udongo ukivujisha unyevu nje na unyevu ukiondoka na joto.

Kifuniko kinaufunga mlango wa stendi. Hewa iliyonaswa chini yake hushiba mvuke, na molekuli zinazorudi majini hulingana na zinazotoka. Kila inayorudi hurudisha nauli yote. Ndiyo maana kifuniko kinachoziba kingo vizuri, hata kikiwa chembamba, kinashinda kinene chenye nyufa. Kizuri zaidi ni bamba la povu gumu la sentimita 10 lililovikwa turubai nzito. Baada ya hapo, hita ya kilowati tatu inatosha, au mirija ya sola juu ya paa.

Chemchemi za Panyimur, kule Pakwach karibu na Ziwa Albert, hazina kifuniko na hazipoi, kwa kuwa ardhi ya Bonde la Ufa inazilipia nauli mchana na usiku. Lobule haina mlipaji huyo.

Nauli hulipwa kwa maji pia. Lita 30 za usiku mmoja ni dumu moja na nusu, na Lobule ina makazi ya wakimbizi wa Kongo. Kipimo cha chini cha maji kwao, kwa mujibu wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni lita 20 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo hodhi moja ni maji ya watu 50. Namsihi msomaji wetu asilijaze kwa kisima cha jumuiya. Paa la bati la mita 100 za mraba, mvua moja nzuri ya milimita 20, linakusanya karibu lita 2,000.

Mengine ni mafupi. Klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, kwani maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa hulea bakteria wanaoshambulia mapafu. Joto lisipite 40. Wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo wapate kwanza ruhusa ya daktari. Umeme uwe na ethi na swichi inayojikata. Kila miezi mitatu maji yabadilishwe: yaache wazi juani siku mbili au tatu, yapime, na kipimo kikionyesha klorini imekwisha, yamwagie migomba.