Matone ya vitamini kwa mtoto anayenyonya: mama wa Guangzhou amsikilize nani?

Na Mwandishi Wetu, Guangzhou

Mama kutoka Afrika Mashariki anayejifungulia katika jiji hili la kusini mwa China hujikuta na maagizo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza amekuja nalo kutoka kliniki za nyumbani, iwe ni Temeke, Likoni au Kawempe: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, hata maji asipewe. La pili hupewa na daktari wa Kichina kabla hata kitovu cha mtoto hakijakauka: apewe matone ya vitamini D kila siku. Akipiga simu nyumbani kuomba ushauri, wakubwa humrudishia swali: kwani maziwa yako yana kasoro gani, mwanangu?

Swali hilo tumelisikia sana miongoni mwa Waswahili wa Xiaobei na Sanyuanli, maeneo ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanayajua kama viganja vya mikono yao. Wapo akina mama wanaoyatupa matone kwa kuogopa kumharibu mtoto, na wapo wanaomnunulia kila kichupa kinachouzwa duka la dawa, vitamini, kalsiamu na vinginevyo, kwa kuamini kwamba dawa ikizidi ndiyo nguvu inazidi. Makundi yote mawili yanakosea, na anayelipia ni mtoto ambaye hajui hata kusema tumbo linamuuma. Leo tumeona ni vyema tulichambue suala hili hatua kwa hatua.

Maziwa tu, maana yake nini?

Tuanze na agizo la nyumbani. Wauguzi wetu hawakulibuni. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanataka mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, na wana sababu za kutosha. Maji yasiyochemshwa, uji mwepesi, maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji machafu na dawa za mchango za kienyeji vimewaua watoto wengi kwa kuhara. Tena kulikuwa na vita na makampuni ya maziwa ya kopo yaliyokuwa yakiwashawishi akina mama maskini waache kunyonyesha, mpaka mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa WHO ukapitisha kanuni za kudhibiti matangazo hayo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki hana muda wa maelezo marefu. Anasema "maziwa tu" na kumwita mama anayefuata.

Lakini ukiisoma tafsiri yenyewe ya WHO ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee, utakuta imeacha mlango mmoja wazi. Inasema mtoto asipewe chakula wala kinywaji kingine chochote, hata maji, isipokuwa maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara, na matone au sharubati za vitamini, madini au dawa. Kwa maneno mengine, mama anayempa mwanawe tone la vitamini D bado ananyonyesha maziwa pekee. Muuguzi wa Temeke na daktari wa Guangzhou hawapingani. Kila mmoja ameeleza nusu ya habari.

Kazi iliyokuwa ya jua

Sasa turudi kwenye swali la kasoro. Maziwa ya mama yana karibu kila anachohitaji mtoto katika miezi hiyo, pamoja na kinga dhidi ya maradhi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza. Vitamini D ndiyo iliyo kidogo. Lita nzima ya maziwa ya mama kwa kawaida haina hata yuniti 80, wakati mtoto anakadiriwa kuhitaji yuniti 400 kwa siku, sawa na mikrogramu 10. Hali hiyo ni ya wanawake wote, wanaokula vizuri na wasiokula vizuri, wa Ulaya na wa Afrika. Hakuna mama wa kulaumiwa hapo.

Sababu ni kwamba binadamu hakuumbwa aipate vitamini hii tumboni tu. Ngozi yake huitengeneza yenyewe inapopigwa na jua. Jambo hili lilithibitishwa mjini Vienna, Austria, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale mtafiti Harriette Chick na wenzake kutoka Uingereza walipoonyesha kwamba watoto wenye mifupa laini na miguu iliyopinda, yaani ule ugonjwa tunaouita matege, walipona kwa mafuta ya ini la samaki au kwa kuwekwa juani. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum na wenzake walikitambua kilichomo ndani ya mafuta hayo, wakakiita vitamini D.

Bila vitamini D mwili hauwezi kutumia vizuri kalsiamu. Mifupa inabaki laini, mtoto anachelewa kukaa na kutembea, kifua kinabonyea, na kalsiamu ikishuka sana katika damu anaweza hata kupata degedege. Na tusidhani Afrika imesalimika kwa sababu ya jua lake. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Ethiopia ulioonyesha kwamba matege yalikuwa ya kawaida zaidi kwa watoto waliolazwa kwa nimonia kuliko kwa wenzao wasio na nimonia.

Jua lipo, mtoto yuko ndani

Msomaji atatuuliza: Guangzhou si Moscow, jua lipo tele, matone ya nini? Ni kweli. Mstari wa Tropiki ya Kansa unapita Conghua, wilaya ya jiji hili hili, na mwezi Juni jua linakuwa utosini. Tatizo ni kwamba mtoto halioni. Amezaliwa ghorofa ya kumi na tano au ya ishirini, dirisha limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto lakini kinazuia ile miali inayotengeneza vitamini D. Kumweka mtoto dirishani asubuhi kunampasha joto tu. Majira ya kuchipua nayo huja na unyevu wa ajabu, kuta zinatoa jasho na nguo hazikauki, hivyo hakuna mama anayetamani kushuka na kichanga.

Mila nazo zimekutana hapa. Watu wa pwani yetu tuna arobaini, siku ambazo mama na mtoto hawatoki. Wachina wana zuo yuezi, yaani kukaa mwezi, ambapo mzazi hapigwi na upepo, hagusi maji baridi, na hapa Guangdong hupikiwa miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki kama sisi tunavyompikia wetu mtori, supu ya kuku au uji wa pilipili manga. Hospitali za China humwita mzazi kwa uchunguzi siku ya 42, siku mbili tu baada ya arobaini yetu kwisha. Mila hizi zina hekima yake, maana zinampumzisha mama. Ila zinamaanisha kwamba wiki sita za mwanzo mtoto hapati jua, na matone ndiyo yanayoziba pengo hilo.

Liko pia suala la rangi, ambalo linatuhusu zaidi. Weusi wa ngozi ni kinga dhidi ya jua kali, na kwa sababu hiyo hiyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza vitamini ile ile. Mtoto wetu akifungiwa ndani yuko hatarini kuliko mtoto wa jirani Mchina. Ndugu zetu walioko Ghuba wanalijua hili. Muscat na Dubai jua linaunguza, lakini kwa kuwa watu hulikimbia na kujisitiri, upungufu wa vitamini D ni jambo la kawaida huko. Na kumwanika mtoto juani kwa muda mrefu si jibu, kwani madaktari wengi wanashauri aliye chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua kali la moja kwa moja.

Daktari wa Kichina anajua anachosema

Wengine wanashuku kwamba hospitali zinafanya biashara. Hatuwezi kuwalaumu. Mwaka 2008 dunia nzima ilisikia jinsi maziwa ya watoto ya hapa China yalivyotiwa melamini, watoto wapatao 300,000 wakaugua na 6 wakafa kwa takwimu za serikali. Aliyeishi na habari ile hawezi kukiamini kila kichupa.

Lakini kwa vitamini D, China ilijifunza kwa maumivu. Uchunguzi uliofanyika katika majimbo yake mengi kati ya 1977 na 1983 ulikuta takriban watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitatu wana dalili za matege. Mwaka 1986 Wizara ya Afya iliyaweka matege katika orodha ya maradhi manne ya watoto ya kupigwa vita, pamoja na nimonia, kuhara na upungufu wa damu. Mwongozo wa Chama cha Lishe cha China wa mwaka 2022 unataka mtoto anayenyonya apewe mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku. Hilo si la Wachina pekee. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza kiasi hicho hicho tangu mwaka 2008, na Uingereza inapendekeza mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa kila mtoto anayenyonya.

Soma herufi kwenye boksi

Hapa ndipo penye utata kwa asiyesoma Kichina. Katika maduka ya dawa ya Guangzhou kuna aina mbili kuu, na bahati nzuri herufi zake ni zetu. Boksi lenye D au D3 ni vitamini D peke yake. Lenye AD lina vitamini A pia, nayo hutengenezwa kwa vipimo viwili, cha aliye chini ya mwaka mmoja na cha aliyevuka mwaka. Mwulize daktari anataka ipi, na usimpe mtoto zote mbili kwa pamoja. Nyingi huja katika kapsuli ndogo laini. Hukatwa ncha na mafuta yake kukamuliwa mdomoni, na mtoto asipewe kapsuli nzima kwani inaweza kumkaba. Wenye wasiwasi wa halali kuhusu ganda la kapsuli waulize matone ya chupa.

Kalsiamu nayo? Mwongozo huo huo wa China unasema maziwa ya mama yanamtosha mtoto, haihitajiki nyongeza. Majirani watakuonyesha nywele zilizonyonyoka kisogoni na kukuambia mtoto amepungukiwa na kalsiamu. Mara nyingi ni kichwa kusuguana na mto tu, na nywele zitaota.

Kuzidisha ni sumu

Vitamini D na A huhifadhiwa mwilini, hazitoki zote kwa mkojo. Mwezi Juni 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kubaini kwamba baadhi ya vitone vinavyouzwa na dawa hizi vinaweza kubeba kiasi kinachozidi mno yuniti 400. Wataalamu wa nchi hiyo wameweka kikomo cha yuniti 1,000 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Ukizidisha mfululizo mtoto anaweza kutapika, kukataa kunyonya, kufunga choo, kukojoa sana na hatimaye figo kuharibika. Kwa hiyo tumia kipimo kilichokuja na chupa yake, usihamishe kipimo cha chupa moja kwenda nyingine. Ukisahau siku moja, usifidie kwa kumpa mara mbili kesho yake. Anayenyweshwa pia maziwa ya kopo anapata vitamini D humo, hivyo daktari aambiwe. Aliyezaliwa njiti ana vipimo vyake, na wake hawafanani na wa mwenzake.

Jambo la mwisho linawahusu wanaorudi nyumbani. Kliniki zetu humpa mtoto wa miezi 6 hadi 11 dozi moja kubwa ya vitamini A, yuniti 100,000, na aliyefikisha mwaka yuniti 200,000 kila baada ya miezi sita. Mpango huo unaokoa maisha na hatumshauri mtu aukwepe. Lakini muuguzi wa Mbagala au Kisauni hawezi kujua kwamba mtoto wako amekuwa akipewa AD kila siku China usipomwambia. Beba boksi pamoja na kitabu cha chanjo, umwonyeshe, na uache yeye aamue kipi kiendelee na kipi kisimame. Vivyo hivyo, usimpelekee wifi yako maboksi ya AD kama zawadi bila maelezo, kwani kichanga chake hakimjui daktari wako.

Kwa akina baba wa Guangzhou, ambao wengi ndio wenye kusoma Kichina cha sokoni, tuna ombi dogo. Mnaojua kusoma kila herufi ya lebo ya kontena, someni na ya kichupa cha mtoto.