Chaza na Kombe: Kufunguka kwa Gamba Si Alama ya Kuiva

Wananchi wote, pamoja na watumishi wa Serikali wanaosimamia majiko ya hospitali na skuli, wanajuulishwa kuwa chaza na kombe ni chakula bora chenye lishe, lakini kina hatari yake isiyofanana na ile ya samaki.

Samaki akiharibika hujitangaza mwenyewe kwa harufu. Chaza mwenye virusi hajitangazi: yu hai, gamba lake limefumba barabara, na ladha yake ni ile ile. Sababu ni namna anavyojilisha. Hutulia mahali pamoja akivuta maji ya bahari na kuyachuja, akabakisha chembechembe za chakula. Maji hayo yakichanganyika na uchafu wa vyoo, hubakisha pia virusi vya homa ya ini aina ya A, na norovirusi iletayo matapishi na kuharisha. Yeye havimdhuru, humngojea mlaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1988, katika mji wa Shanghai nchini China, watu wapatao 300,000 waliugua homa ya ini kwa muda wa miezi michache, na makumi wakafariki. Walikuwa wamekula kombe wa ukoo mmoja na hawa tunaowaokota kwetu maji ya bamvua yanapokupwa. Wala hawakuwala wabichi kabisa. Desturi yao ilikuwa kuwamwagia maji ya moto hadi gamba lianze kuachia. Nasi wengi wetu huepua sufuria mara tu magamba yanapofunguka, ilhali gamba hufunguka kabla nyama ya ndani haijapata moto wa kutosha. Kipimo walichokiweka wataalamu ni nyuzi joto 90 za sentigredi, ndani ya nyama yenyewe, kwa sekunde 90.

Kwa kuwa majumbani hatuna vipimajoto, inashauriwa kombe wachemshwe kidogo kidogo, wasijazwe sufuria hadi wa katikati wakakosa moto, na baada ya magamba kufunguka waendelee kutokota kwa dakika 5. Asiyefunguka atupwe.

Wapo wanaotegemea kuwaloweka usiku kucha. Kuloweka hutoa mchanga. Hata katika matangi maalumu ya kusafishia chaza, bakteria hupungua kwa siku mbili, lakini virusi hubakia muda mrefu zaidi. Ndimu na pilipili, ambazo utamu wake hatuukatai, haziui virusi. Wala barafu haiviui.

Norovirusi hudhihirika baada ya siku moja au mbili. Homa ya ini huchukua siku 15 hadi 50, na mgonjwa huwa amekwishasahau alichokula. Dalili zake ni homa, uchovu, kukosa hamu ya chakula, mkojo mweusi na macho kuwa ya manjano. Aidha, mgonjwa huweza kuambukiza wengine kabla ya macho kubadilika rangi. Hivyo basi, wapishi wanatakiwa kunawa mikono kwa sabuni kila watokapo chooni, na aliyeugua asishike chakula cha wengine.

Waokotaji wanaombwa kutookota karibu na midomo ya mifereji ya maji taka, hasa baada ya mvua kubwa. Mwenye dalili hizo afike kituo cha afya na aeleze iwapo alikula chaza au kombe katika wiki 7 zilizopita.